Barua ya mamogramu inasema titi langu lina msongamano. Je, wadogo zangu walioko Tanga nao wanalo?

BintiMuheza (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, hasa akina dada mliovuka 40 na kaka zetu wenye mama, dada na mabinti.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa kumi na mbili. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nina miaka 46. Miezi miwili iliyopita nilipima mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, siku nne baadaye ikaja barua. Mwanzo wake ulinishusha pumzi: hakuna dalili ya saratani iliyoonekana. Mwisho wake ukaninyima usingizi: matiti yangu yana msongamano, msongamano huo unaifanya saratani iwe ngumu kuonekana kwenye mamogramu, na wenyewe pia unaongeza uwezekano wa kuipata. Niongee na daktari wangu. Basi, imeishia hapo.

Nikapiga simu kituoni. Aliyepokea akaniambia nisijali, wanawake wengi wanapata barua hiyo. Ni kweli ni wengi, ila wingi wetu haukunijibu chochote.

Usiku nikamtumia mdogo wangu wa Tanga ujumbe wa sauti. Akanijibu: "Dada, hiyo umeipatia huko Marekani au ni ya kwetu ya ukoo? Na sisi tunayo?" Swali hilo nimelifukuzia tangu siku ile. Nimesoma, nimemsumbua daktari, na nilichopata naona nisikae nacho peke yangu.

Kwanza neno lenyewe. Titi lina vitu viwili vikubwa: mafuta, halafu nyama yenyewe, yaani tezi za maziwa, mirija yake na nyuzi zinazovishikilia. Titi lenye msongamano ni lile ambalo nyama na nyuzi zimejaa, mafuta ni machache. Kwenye picha mafuta yanatoka meusi-meusi, nyama na nyuzi zinatoka nyeupe. Shida ni kwamba uvimbe wa saratani nao unatoka mweupe. Daktari alinigeuzia kompyuta nikaona picha yangu mwenyewe: nyeupe kuanzia karibu na chuchu hadi karibu na kifua, kijistari chembamba tu cheusi pembeni. Punje ya mchele ukiidondosha juu ya sufuria lenye masizi utaiona ukiwa mlangoni. Idondoshe kwenye sinia la unga wa sembe, utaitafuta mpaka macho yaume. Titi langu ndilo lile sinia.

Wanaligawa kwa makundi manne, A mpaka D. A karibu lote mafuta, D karibu lote nyama na nyuzi. Kwa Marekani, katika wanawake 100 wanaopimwa, kama 10 ni A, 40 ni B, 40 ni C na 10 ni D. C na D ndio wanaoambiwa wana msongamano. Mimi ni D.

Na barua hizi hazikuja bure. Kulikuwa na mama wa jimbo la Connecticut, Nancy Cappello, alikuwa anapima mamogramu kila mwaka na majibu ni safi. Mwaka 2004, wiki chache tu baada ya picha nyingine safi, daktari akashika uvimbe kwa mkono. Saratani ilikuwa hatua ya tatu, imeshaingia kwenye tezi 13 za kwapani. Ndipo akaambiwa titi lake lina msongamano, neno ambalo hakuwahi kulisikia miaka yote aliyokuwa akipima. Akasimama kidete. Connecticut ikapitisha sheria mwaka 2009, majimbo mengine yakafuata moja moja, na kuanzia 10 Septemba 2024 kila kituo cha mamogramu nchi nzima ni lazima kimwandikie mwanamke hali ya titi lake. Mama yule alifariki 2018, siku hiyo hakuiona. Barua yangu nimeihifadhi kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto.

Sasa swali la mdogo wangu. Mwaka 2002 mtafiti Norman Boyd wa Toronto, akishirikiana na John Hopper wa Melbourne na wenzao, walitoa utafiti wa pacha. Walikusanya jozi 571 za pacha wa yai moja na jozi 380 za pacha wa mayai mawili, kutoka Australia, Canada na Marekani, wakapima msongamano wa kila mmoja. Pacha wote wamelala tumbo moja na wengi wamekula sahani moja. Ila wa yai moja wana jeni zile zile, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, wa mayai mawili wanashiriki kama nusu tu, sawa na ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja. Kama msongamano ungekuwa unaletwa na chakula au malezi peke yake, makundi yote mawili yangefanana kiasi kimoja. Wa yai moja walifanana zaidi ya mara mbili ya wenzao. Wakapiga hesabu, wakapata kwamba urithi unaeleza kama 63%.

Hiyo 63% jamani isomwe vizuri, mimi mwenyewe niliisoma vibaya mara ya kwanza. Haina maana kwamba 63% ya titi lako umepewa na mama. Maana yake, ukichukua wanawake wengi wa umri mmoja, huyu ana msongamano na yule hana, sehemu kubwa ya tofauti kati yao imetoka kwenye walichorithi. Inayobaki ni maisha: umri, kuzaa, kukoma hedhi, uzito wa mwili, dawa za homoni.

Kwa hiyo mdogo wangu nilimjibu hivi: hii nimezaliwa nayo kwa sehemu kubwa, sikuipatia Ohio. Wewe tumbo moja na mimi, una nafasi kubwa kuliko mwanamke wa kando kuwa nayo, lakini huenda pia huna. Picha ndiyo itakayosema.

Karibuni mchangie, na wataalamu mnisahihishe.

MamaShufaa

Pole sana dada na hongera kwa uzi. Niko Mwanza. Mimi matiti yangu ni makubwa na magumu tangu usichana, nikishika nasikia kama vinundu vinundu. Ndio msongamano huo? Na nimenyonyesha watoto wanne, haujapungua?

BintiMuheza

MamaShufaa dada yangu, hili ndilo lilinishangaza kuliko yote. Kwa kushika huwezi kuujua. Titi gumu linaweza kuwa la mafuta, titi laini kabisa likawa D. Ukubwa nao hausemi kitu. Hata daktari hawezi kuusema kwa mkono, unaonekana kwenye picha tu.

Kuzaa kunaupunguza, na ukikoma hedhi unapungua zaidi, kwa sababu nyama ya tezi inanywea na mafuta yanachukua nafasi. Mimi nina mtoto mmoja. Lakini hivyo vinundu, kama kuna kimoja ambacho hakikuwepo mwezi uliopita, au kimekaa upande mmoja tu hakihami, usikiweke kwenye hesabu ya msongamano. Nenda kionwe.

FundiMionzi

Mleta mada umeeleza vizuri. Niko Dar, nimefanya kazi ya picha za mionzi miaka 14. Niongeze mambo ya chumbani kwetu.

Akina mama wanalalamika kwamba mashine inabana. Tunabana makusudi, ili nyama itandazwe na isilaliane. Titi lenye msongamano lisipobanwa vizuri, nyama inakaa juu ya nyama na uvimbe unajificha katikati. Zile sekunde chache vumilieni.

Pili, umri. Mamogramu kwenye titi la mafuta inakamata saratani nyingi, karibu tisa katika kumi. Kwenye titi la D inashuka hadi kama sita. Na wanawake wetu wanaougua saratani ya matiti wengi wana umri mdogo kuliko wa Ulaya, arobaini na kitu, umri ambao titi bado lina nyama nyingi. Ndiyo maana mwanamke kijana akija na uvimbe tunaanza na altrasaundi mara nyingi, picha inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Altrasaundi haisumbuliwi na weupe ule, uvimbe wenyewe unatoka mweusi. Lakini haichukui nafasi ya mamogramu, kuna vichokaa vidogo sana vinavyotangulia saratani ambavyo mamogramu inaviona na altrasaundi inavikosa.

Tatu, na hili linaniuma. Wengi wanaokuja kwetu hawaji kuchunguzwa wakiwa wazima. Wanakuja uvimbe umefika ukubwa wa limau, ngozi imeshavutika, wameshazunguka kwa waganga mwaka mzima. Kwa mama kama huyo habari ya A na D haina kazi tena. Uvimbe unaoshikika usisubiri barua wala foleni ya mamogramu. Aende, aonwe, kichukuliwe kinyama kikapimwe.

Mwanamvita_K

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu, hii ndiyo ile jeni ya Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani aliyetoa matiti yote mawili mwaka 2013? Kwa sababu mimi nilidhani saratani ya kurithi ni hiyo moja.

BintiMuheza

Hapana dada, na kuvichanganya hivi viwili ndiko kunakotisha watu bila sababu, au kuwapa utulivu usio wao.

Yake ni BRCA1. Mwaka 1990 mtafiti Mary-Claire King alionyesha kwamba kuna kitu kwenye kromosomu ya 17 (kromosomu ni nyuzi zilizobeba jeni ndani ya seli) kinachofuata familia zenye saratani ya matiti ya mapema. Jeni yenyewe ikapatikana 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata. Kazi ya jeni hizi ni kukarabati DNA, ule uzi ambao jeni zimeandikwa juu yake, inapokatika. Ukirithi iliyoharibika, makosa yanarundikana kwenye seli. Mwanamke mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa kama saba katika kumi wa kupata saratani ya matiti kabla hajatimiza miaka 80. Ni jeni chache, nguvu kubwa, na hawapo wengi: saratani zinazotokana na jeni za namna hii ni kama 5 hadi 10 katika kila 100.

Msongamano ni habari nyingine. Hakuna jeni moja ya msongamano. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo. Mwaka 2011 watafiti waliitaja sehemu iliyo kwenye jeni ZNF365, kromosomu ya 10, inayohusika na msongamano na pia saratani yenyewe. Baadaye zikaongezeka nyingine: LSP1, ESR1 ambayo ndiyo kipokezi cha homoni ya estrojeni, na IGF1 inayohusika na ukuaji. Angalieni majina hayo, homoni na ukuaji. Baadhi ya kilichorithiwa kinachojaza nyama kwenye titi ndicho pia kinachosukuma seli zigawanyike. Kwa hiyo msongamano una makosa mawili: unaficha saratani, na unatoka kwenye shina moja na sehemu ya saratani yenyewe.

Mtu anaweza kuwa na BRCA1 mbovu na titi la mafuta matupu. Mwingine kama mimi ana D na huenda BRCA zake ni nzima. Na walipopima wanawake wenye BRCA mbovu, msongamano wao haukuwa tofauti na wa wengine, ila aliyekuwa nao alizidi kwa hatari. Hizi ni njia mbili, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote.

Kuhusu namba. Mtandaoni mtasoma kwamba titi lenye msongamano lina hatari mara nne au tano. Ni kweli, ila hapo linalinganishwa titi la juu kabisa na lile la mafuta matupu, miisho miwili. Ukilinganisha D na mwanamke wa kawaida wa katikati, ni kama mara mbili. Mimi nililala siku tatu na hiyo "mara tano" kifuani kabla ya daktari kunifafanulia.

Jambo moja linanikera. Sehemu kubwa ya tafiti hizi za jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ile alama ya hatari wanayoitengeneza kwa kujumlisha jeni nyingi ndogo ndogo, kwetu Waafrika inakosea zaidi. Uganda walishachunguza wagonjwa wao na kukuta BRCA1 na BRCA2 zipo, hivyo asidanganyike mtu kwamba ni ugonjwa wa wazungu. Lakini kwa jeni za msongamano damu zetu bado hazijasomwa vya kutosha.

Babu_Lushoto

Binti yangu, nimesoma yote. Sisi tulivyofahamu, maradhi ya ziwa yanafuata upande wa mama. Baba yanamhusu vipi?

BintiMuheza

Shikamoo babu. Hapo umegusa kidonda, na nitasema kosa langu ili wengine wasilirudie.

Siku ya kwanza daktari aliniuliza kama kuna aliyeugua kwenye familia. Nikahesabu: mama mzima, bibi mzaa mama alifariki uzeeni, mama wadogo wote wazima. Nikasema hakuna. Niko kwenye gari narudi nyumbani ndipo nikamkumbuka shangazi. Dada wa baba, wa kwanza kabisa. Nilikuwa darasa la nne. Alikuwa amelala chumba cha uani, harufu ya dettol, khanga imefungwa kifuani kwa kubana, sisi watoto tunakatazwa kuingia. Walisema ana jipu la ziwa. Alifariki hajafika miaka 42. Hakuna aliyetaja saratani, siku ile wala baadaye.

Babu, kila mtu ana nakala mbili za BRCA, moja kwa baba na moja kwa mama. Baba akiwa nayo mbovu, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipokea. Yeye anaweza kuzeeka bila kuumwa na binti yake akaumwa. Na wanaume wenyewe wanaugua, ni kama mmoja katika kila wagonjwa 100. Jeni za msongamano nazo zinatoka pande zote mbili. Baba hana titi la kupiga picha, lakini anazipitisha.

Nilirudi kwa daktari nikamtaja shangazi na umri wake. Uso wake ukabadilika. Siku hiyo hiyo akanipangia mshauri wa vinasaba, yaani mtaalamu wa magonjwa ya kurithi.

TibaAsili_255

Dada usihangaike. Majani ya mstafeli, chemsha kunywa asubuhi na jioni siku 40, titi linalegea na uvimbe unayeyuka. Njoo PM nikupe namba.

BintiMuheza

Ndugu yangu, nakujibu hapa hapa hadharani. Hakuna ushahidi kwamba mstafeli unapunguza msongamano au unayeyusha saratani kwa binadamu. FundiMionzi ameeleza juu hapo hao wa mwaka mzima wanavyofika. Naomba sana usiwape watu siku 40 za kusubiri.

Na nyingine ninayoisikia: kwamba ukinenepa msongamano unashuka, basi ule. Picha kweli itaonyesha mafuta zaidi, lakini unene baada ya kukoma hedhi wenyewe unaongeza saratani ya matiti. Ni kubadilisha rangi ya picha tu, hatari inabaki kwako.

Upendo_Stockholm

Nimekuwa nasoma tu, acha nichangie. Huku Sweden tunaitwa kupima mamogramu kuanzia miaka 40 mpaka 74. Dawa iliyothibitika kupunguza msongamano ni tamoxifen, ile ile ya wagonjwa wa saratani. Watafiti wa Karolinska, chuo cha udaktari cha hapa Stockholm, walijaribu dozi ndogo na mwaka 2021 wakaonyesha kwamba miligramu 2.5 kwa siku inashusha msongamano sawa na miligramu 20, kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi. Lakini kushusha msongamano ni kitu kimoja, kuzuia saratani kwa dozi hiyo ni kingine. Tamoxifen ina madhara yake: joto la ghafla, damu kuganda. Si ya kujinunulia.

Na wale wanaotumia homoni za kupunguza taabu za kukoma hedhi, zile za mchanganyiko zinapandisha msongamano. Mwambieni daktari.

Swali: mleta mada, walikufanyia MRI, ile picha ya mashine ya sumaku?

BintiMuheza

Asante Upendo. Daktari alinieleza utafiti wa Uholanzi wa 2019. Waliwachukua wanawake zaidi ya 40,000 wa aina yangu, D, mamogramu safi, wengine wakaitwa MRI ya nyongeza. Saratani zilizojitokeza katikati ya vipimo zilikuwa 5 kwa kila 1,000 kwa wasioitwa, na 2.5 kwa walioitwa. Nusu. Lakini MRI pia inaonyesha vitu vingi ambavyo si saratani, na mtu anatolewa kinyama bure. Nilitaka ifanywe, bima ikagoma. Nikafanyiwa altrasaundi. Wakakuta uvimbe mmoja wa maji, sentimita moja, hauna neno.

Mshauri wa vinasaba nilimuona Alhamisi. Alitaka ukoo mzima kwenye karatasi: nani, aliugua nini, akiwa na miaka mingapi. Nilimpigia mdogo wangu, naye akaenda kwa baba. Baba alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema mama yake mdogo wa Handeni naye alikuwa na kidonda cha ziwa, alizikwa kabla baba hajaoa. Mzee ana miaka 78, hakuwahi kututajia. Umri wa huyo bibi hakuna anayeujua, ila mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Mshauri akaandika hivyo hivyo. Nikatema mate kwenye kichupa, kikafungwa. Majibu ni wiki tatu. Mdogo wangu ana miaka 39, nimemtumia nauli aende hospitali ya mkoa Jumatatu aanze kuonwa kwa mkono na altrasaundi. Nitarudi kuwaambia.